Mla Asali na Jina la Chini la Papa Kalonji

Kwanza niwajibu ninyi mnaopita mbele ya nyumba yangu hapa Kikula, Likasi, mkiniita Papa Mlamba Mawe. Sijawahi kulamba jiwe. Aliyelamba ni Marek, mtaalamu wa miamba kutoka Poland, na alikuwa na sababu yake: jiwe likilowa mate rangi zake hujitokeza, na jicho lililozoea huona mara moja shaba ilipo. Alilamba kila tulichokitoa ardhini, asubuhi hadi jioni, isipokuwa tulipofanya kazi upande wa Shinkolobwe, kwenye mawe yenye sumu ya urani. Kule alitembea na chupa ya maji ya kulowesha mawe, na alitukataza hata kugusa midomo yetu kabla ya kunawa. Kwa hiyo mkitaka kunitania, nitanieni kwa jambo nililolifanya mwenyewe.

Mimi nilikuwa fundi wa sonda, mashine ya kutoboa mwamba. Ninyi mnachimba kwa sururu na nyundo, mnaingia wenyewe kwenye shimo na kutoka na mzigo mgongoni. Sisi tulibaki juu. Mashine ilizungusha vyuma virefu vyenye uwazi ndani, tulivyoviita tije, tukiunganisha kimoja baada ya kingine mpaka tufike chini kabisa, kisha tulivuta juu nguzo nyembamba ya jiwe iliyokatwa safi. Nguzo hiyo jina lake karoti. Chekeni, nasi tulicheka. Siku yangu ya kwanza mke wangu aliniuliza nimefanya kazi gani. Nikamwambia nimeosha karoti kutwa nzima, naye akaangalia mikono yangu kuona kama nimemletea hata moja.

Nawaandikia haya kwa sababu wiki iliyopita niliombwa jina la mtu, nami nikasema uongo kwamba nimelisahau. Mwombaji alikuwa mwanamke kijana anayeitwa Mado. Alikuja Jumatano saa nne asubuhi, amembeba mtoto wake wa kiume wa miezi miwili, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la stesheni.

"Kambo Faustin," alisema, yaani babu, "minye ni mutoto ya mutoto ya Papa Kalonji. Bananituma kwako juu ya jina."

"Jina gani, mama?"

"Mbele ya kufa, kambo alisema: Kalonji haina jina yangu. Jina yangu ya kweli iko kwa Faustin, kule Likasi. Mutoto mwanaume wa kwanza atazaliwa mu nyumba, bamupe ile. Sasa huyu njo wa kwanza. Siku ya Mungu tunamupeleka kanisani."

Nilimwangalia yule mtoto. Kisha nikasema, "Nilizeeka, mama. Nilisahau."

Sikuwa nimesahau. Naweza kusahau miwani yangu nikiwa nimeivaa, lakini jina lile nimelala nalo na kuamka nalo miaka zaidi ya thelathini. Ila sikuwahi kulitoa mdomoni tangu siku moja mbaya, na nikadhani nitakufa nalo. Ili mjue kwa nini, inabidi niwaeleze habari za mnyama mmoja ambaye hajawahi kukanyaga Katanga.

Mashine yetu ilikuwa imechorwa mnyama ubavuni. Amesimama kwa miguu miwili, mnene, manyoya mwili mzima, hana mkia wa kuonekana. Kikosi kizima kilibishana juu yake. Mmoja alisema ni mbwa aliyelishwa sana, mwingine akasema ni nguruwe wa nchi ya baridi. Papa Kalonji, mkuu wetu, aliyenifundisha kazi, alisema ni muntu amevaa koti, tuache kelele tufanye kazi.

Yeye alikuwa mtu wa Kasaï, mrefu, mwenye kofia ya ngozi aliyoivua mbele ya chakula na mbele ya maiti tu. Alinifundisha kuweka kiganja kwenye chuma na kujua, kabla ya kuona chochote, kama chini tumeingia kwenye mwamba mgumu au kwenye udongo. Alinifundisha kusoma maji yanayorudi kutoka kwenye tundu: yakiwa mekundu tulia, yakibadilika kuwa ya kijivu amka, yakikatika kabisa usimame, maana kuna pango. Alinifundisha kupanga karoti kwenye sanduku kuanzia kushoto kwenda kulia, kama msomaji anavyofuata mistari ya kitabu, na kuweka kibao cha mbao kila tunapovuta. Mara moja nilidondosha sanduku zima nikapanga vipande kwa kubahatisha. Marek alilamba, akakuna kichwa, akalamba tena, akatangaza kwamba dunia ya Likasi imepinduka. Papa Kalonji alinitazama, akanichukua pembeni, akasema, "Weye, leo unageuza udongo ya Mungu juu chini. Kwenda umwambie." Nikaenda nikamwambia, na Marek akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa hili: mashine ikianza kuzunguka, hakuna mtu mwenye jina. Aliyekuwa anaitwa Faustin haitwi Faustin, na mkuu haitwi mkuu. Ukitaka maji, gonga chuma mara moja kwa kle, ile spana kubwa. Ukitaka wavute juu, gonga mbili. Ukitaka kila kitu kisimame, gonga tatu. Usiite. "Jina inageuza kichwa," alituambia. "Kichwa ikigeuka, mukono inafuata." Vijana wapya aliwajaribu kwa makusudi: mashine inazunguka, yeye anaita jina lako kwa sauti tamu kama ya shangazi. Ukigeuka, wiki nzima unaosha matope peke yako. Mimi niliosha wiki tatu. Baada ya hapo ungeweza kuita "Faustin" sikioni mwangu, nami nisingepepesa.

Siku moja mashine ilikuwa imezimwa kungoja kipuri, tumekaa tunakula bukari, ugali wetu, na samaki wa kukaanga. Nikamuuliza Marek yule mnyama ni nani. Alijibu kwa Kifaransa kwamba ni "ours", yule ambaye Kiswahili cha vitabuni humwita dubu, kisha akalitaja kwa lugha yake, neno lililojaa miluzi. Mimi nilisikia kama "nyejvyech". Dragan, fundi wetu wa injini, aliyetoka Serbia na kusema Kiswahili cha gereji vizuri kuliko baadhi yenu, akatema mwiba wa samaki na kusema hapana, huyo ni "medved". Marek akasema ni neno lile lile. Dragan akasema lile lile namna gani, lako limepigwa na gari.

"Hawa banatukana nani?" Papa Kalonji aliniuliza.

Hakuna aliyetukanwa. Marek alitueleza, na mimi nilikuwa natafsiri kwa kikosi. Mataifa yao, Wapolandi, Waserbia, Warusi, Wacheki na wengine, zamani walikuwa watu wa lugha moja. Wakatawanyika, lakini mnyama yule kwa wengi wao amebaki na neno moja, hapa limenyooka, pale limepinda, kama neno "muntu" la Kiluba linavyosikika ndani ya "mtu" la pwani. Warusi na Wacheki wanasema karibu sawa na Dragan. Kwa Wapolandi herufi ya mwanzo ilibadilika njiani. Na ndani ya neno hilo kuna asali. Med ni asali. Mnyama huyo anapenda asali kupita kiasi, kwa hiyo wakamwita Mla Asali.

Dragan alikataa. Kwao wazee wanasema maana yake ni Mjua Asali, anayejua ilikofichwa. Marek akasema wazee wa Dragan wanakosea, neno la kula limo humo ndani, lilichakaa tu mpaka halionekani. Dragan akasema hakuna mzee wake aliyewahi kukosea. Walibishana mpaka bukari ikapoa, wanarushiana maneno ya asali na kula na kujua, na nakumbuka nilifurahi sana moyoni, maana ilikuwa mara ya kwanza kuona wazungu wakigombana kwa jambo ambalo hata sisi tungeligombania.

Papa Kalonji ndiye aliyeuliza swali la maana. "Mais kula asali ni kazi yake, haina jina yake. Jina yake ya kweli njo gani?"

Marek akaacha kubishana. Alisema ni hapo ndipo penyewe. Jina la kweli lilikuwepo. Lakini wawindaji wa kale walimwogopa mnyama yule, waliamini ukimtaja porini atasikia na kuja. Basi wakalificha. Baba hakulisema mbele ya mtoto, mtoto hakuwa na la kumfundisha mwanawe, na jina likatoweka. Leo hakuna Mpolandi wala Mserbia anayelijua kutoka kwa babu zake. Akaongeza kitu cha kuchekesha: mataifa mengine hayakuogopa sana, yakabaki nalo, na lile "ours" tulilofundishwa na masista shuleni limetoka kwenye jina hilo la kale. Kwa maneno mengine, sisi wa Likasi tulikuwa tunalitaja ovyo, bila kujua, jina ambalo babu zake Marek walikuwa wanatetemeka kulisema.

Kikosi kilicheka. Papa Kalonji hakucheka. Jioni tukiwa tunatembea kuelekea lori, alinishika kiwiko, tukabaki nyuma.

"Minye pia iko na jina ya chini," aliniambia.

Ndipo akanieleza. Kalonji lilikuwa jina la kaka yake. Kaka ndiye aliyeandikwa na waajiri wa migodi waliopita kijijini kwao Kasaï, akapewa karatasi, kisha akafa kwa homa kabla ya kuondoka. Mdogo mtu akachukua karatasi, akapanda treni, akafika Likasi, akawa Kalonji. Aliajiriwa kama Kalonji, akaoa kama Kalonji, akazaa watoto wa Kalonji. Mwanzoni aliogopa kufukuzwa kazi akijulikana. Baadaye aliogopa kumwambia mke wake kwamba ameishi naye miaka yote hiyo kwa jina la marehemu. "Mama yangu njo alikuwa wa mwisho kuniita," alisema. Kisha akanipa jina lake, kwa sauti ndogo, hapo barabarani. Nilimwuliza kwa nini mimi. Alisema, "Juu unasemaka kweli hata kama umemwaga sanduku."

Sijawahi kupewa kitu kikubwa kama hicho na mtu asiye wa damu yangu. Nilitembea wiki nzima nikijiona mtu mzima.

Sasa siku mbaya. Ilikuwa mchana, jua kali, tunavuta tije kutoka kwenye tundu refu. Tije ya juu ilikuwa imening'inia kwenye kamba ya chuma, mashine inazunguka polepole kulegeza kiungo, na Papa Kalonji ameinama juu ya tundu, mkono wa kushoto karibu na kishikio kinachozunguka. Kle yangu nilikuwa nimeiweka chini. Na nisiwafiche: niliiweka chini ili nigeuzegeuze kipande cha karoti chenye kijani kizuri, nikingoja Marek apite anisifu. Nikainua macho. Kamba ilikuwa inakatika uzi mmoja mmoja.

Ningegonga mara tatu, kle haipo mkononi. Nikaita. Ningeita Kalonji asingegeuka, maana masikio yake yalikuwa yamefundishwa miaka yote kutolisikia jina lile mbele ya mashine. Sikuita Kalonji. Mdomo wangu ulitoa jina la chini.

Aligeuka mwili mzima. Glavu ikanaswa. Mimi niliona mkono tu, nikaruka kuzima injini, na baada ya hapo sikuona kingine isipokuwa damu na Dragan akifunga kitambaa huku analia kwa lugha yake. Papa Kalonji alipoteza vidole viwili. Akahamishiwa kwenye ghala la karoti, akawa mtunza masanduku, mtu aliyekuwa anasoma maji na chuma vizuri kuliko wote. Kila nilipopeleka sanduku alinikaribisha chai, akanisogezea kikombe kwa mkono ule wenye vidole vitatu. Hakunilaumu hata siku moja. Wala hatukulizungumzia. Nilidhani ananyamaza kwa heshima, na heshima ile iliniumiza kuliko matusi. Kisha ikaja miaka ile mibaya, watu wa asili ya Kasaï wakafukuzwa hapa, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa, naye akaondoka kwa treni na familia yake. Sikwenda kumuaga. Niliogopa stesheni, niliogopa zaidi mkono wake. Hilo nalijutia hadi leo, na nalisema wazi ili mtu yeyote kati yenu anayedaiwa kwaheri aende leo.

Basi Jumatano Mado alipoambiwa kwamba nimesahau, hakuinuka. Alikaa kwenye kiti changu kizuri, akamnyonyesha mtoto, akawa anaangalia ukuta. Mwishowe akasema, taratibu, "Kambo alisemaka hautasahau. Alisema: Faustin ataogopa, mais hatasahau."

Nikamwuliza alisema nini kingine.

"Kila mara alituonyesha mukono. Shiye batoto tuliogopa ile vidole. Alisema: musiogope, hii njo bei ya kichwa. Faustin aliniita, minye nikageuka, chuma ikaanguka pale kichwa ilikuwa. Vidole mbili, alisema, haina kitu. Alisema hakuna mwingine angeweza kumugeuza, juu bengine beko na jina ya bure tu, ile ya Kalonji."

Sikujua. Nawaapia, vijana, sikujua. Miaka yote niliona mkono, sikuwahi kujiuliza tije ile iliangukia wapi. Ningeweza kumwuliza Dragan. Ningeweza kumwuliza yeye mwenyewe, juu ya chai, siku yoyote ile. Nililia mbele ya mtoto wa watu bila hata kutafuta kitambaa. Mado akaninyooshea kanga ya mtoto, nayo ilinuka maziwa.

Nikamwelezea habari za Mla Asali. Alidhani nimechanganyikiwa, nikaona usoni. Lakini nilihitaji kuisema, kwa sababu nilikuwa nimeelewa pale pale nilichokuwa nakifanya. Hofu yangu ilikuwa imebakisha jina la mzee kwenye kichwa kimoja, chenye mvi, chenye kusahau miwani. Ningekufa kabla ya Jumatano ile, wajukuu wake wangebaki na jina la kaka yake na hadithi ya kofia ya ngozi.

Na ninyi je? Najua mnavyoitana huko mashimoni. Commandant. Sans Souci. Vingt-Deux. Mwezi uliopita niliuliza habari za yule kijana mrefu aliyekuwa anapita hapa na redio, nikaambiwa Sans Souci ameenda kuchimba mbali. Nikauliza anaitwa nani hasa. Watano walikuwepo, wote wamewahi kula chakula chake, hakuna aliyejua. Itaneni mnavyotaka, na mkiwa karibu na kitu kinachozunguka msiitane kabisa, gongeni. Lakini kila mmoja wenu ampe mtu mmoja jina lake la kweli, na la baba yake, na kijiji. Anayepewa asiogope kulitumia.

Jina la mzee wangu ni Mulumba.

Nilimwomba Mado anipe mtoto. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, ameshiba, macho yake yakiwa kwenye taa. Kwanza niliangalia vidole vyake, vyote kumi. Kisha nikainama na kumwita, si kwa kelele kama siku ile, kwa sauti ndogo ya barabarani, jinsi nilivyopewa.

"Mulumba."

Akageuza kichwa, na mimi, mzee mzima, nikaangalia haraka mikono yake kama iko salama.